Msomaji Hapiti Tosha

Kwa miaka kumi na tisa Zaid alikuwa koo la Ustadh Jibril. Ustadh ndiye aliyekuwa na hoja, ndiye aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe, ndiye aliyebebwa mabegani na vijana mhadhara ulipokwisha vizuri. Zaid alikuwa na kiti cha plastiki na Biblia. Ustadh akiita sura na aya, Zaid alisimama akasoma kwa sauti. Ustadh akisema "Tosha!", Zaid alinyamaza, hata kama neno lilikuwa nusu mdomoni nusu nje. Kisha aliketi, na Ustadh akaichukua ile aya na kuwacharaza nayo Wakristo.

Ndivyo ilivyo mihadhara ya dini. Meza mbili uwanjani, vipaza sauti viwili, Waislamu huku na Wakristo kule, na kila upande una mjadili wake na msomaji wake. Msomaji wa Waislamu husoma Biblia na msomaji wa Wakristo husoma Kurani, maana hakuna anayekuja pale kujichoma na kitabu chake mwenyewe. Wajadili hurushiana maneno watakavyo. Msomaji ana sheria moja tu: hapiti tosha. Akiongeza hata neno moja, huyo ameingia kwenye mjadala, na yeye hakuitwa kujadili.

Zaid hakuona ubaya wowote katika hilo. Alikuwa muuza sahani, chupa za chai na masufuria kwa jumla pale Kikuubo, kwenye uchochoro mwembamba kiasi kwamba mchukuzi akipita na mzigo kichwani, wenye maduka huvuta matumbo ndani. Babu wa babu yake alifika Buganda na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, na ukoo haukuiacha lugha. Katika mji ambao wengi huongea Kiswahili walichookota kwa askari na wachuuzi, koo la Zaid lilikuwa mali, na Ustadh Jibril hakuwa mtu wa kuacha mali ilale.

Ng'ambo ya uchochoro, hatua tatu tu, palikuwa na duka la vitenge la Mushagalusa, Mkongo wa Bukavu, mkimbizi, Mkristo, baba wa watoto watano. Huyo naye alikuwa msomaji, wa upande wa pili. Ndiye aliyemsomea Kurani Mchungaji Cleopas, mjadili wa Wakristo.

Na hapa pana jambo ambalo Ustadh na Mchungaji hawakulijua, na lau wangelijua wote wawili wangelazwa kwa presha siku hiyo hiyo: wasomaji hawa walifanya mazoezi pamoja. Saa saba mchana, wateja wakipungua, Mushagalusa alivuka na Kurani yake ya tafsiri ameiviringa kwa kitambaa safi, maana Zaid alimwambia tangu siku ya kwanza kwamba kitabu hiki hakishikwi kama gazeti. Zaid alimrekebisha majina ya Kiarabu. Mushagalusa, aliyelelewa na masista, alimwonyesha Zaid mahali pa kuvuta pumzi katika nyaraka za Paulo, ambazo sentensi zake hazina huruma kwa mapafu ya mtu mzima. Walikunywa chai ya chupa moja. Jumapili walikutana uwanjani wakakunjiana nyuso kama watu wasiojuana.

Siku moja dukani Mushagalusa alikuwa akiisoma ile aya anayoipenda Mchungaji kuliko zote, ile inayoamuru washirikina wauawe popote wapatikanapo. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumkata, aliendelea mbele, kisha akasita.

"Mzee Zaidi, kumbe inaendelea?"

Iliendelea. Aya iliyofuata ilisema kwamba mmoja wa maadui hao hao akikuomba hifadhi, mpe hifadhi apate kusikia maneno ya Mungu, kisha mfikishe mahali atakapokuwa salama.

"Miaka ine nasoma hii neno," Mushagalusa alisema, "na Mchungaji ananikataka pale pale mbele yake."

Zaid alicheka hadi chai ikammwagikia mapajani. "Na mimi unadhani nakatwa wapi?" Akamfungulia Injili, mahali Yesu anapowaambia wafuasi wake kwamba asiye na upanga auze joho lake akanunue. Ustadh aliipenda aya hiyo kama macho yake. Kisha Zaid akateremsha kidole kwenye ukurasa ule ule, mpaka pale upanga ulipochomolewa kweli, mtumishi wa adui akakatwa sikio, na Yesu mwenyewe akaligusa sikio lile likapona. Huko hawakuwahi kufika hata siku moja. Walicheka pamoja, watu wazima wawili, kama wanafunzi waliouona mtihani kabla ya kesho yake. Hakuna aliyefikiria kwamba jambo lile lilihitaji kufanyiwa chochote.

Kisha Benedicte akauawa.

Benedicte alikuwa dada yake Mushagalusa, mkubwa wake, aliyeolewa upande wa Beni, huko Kongo. Watu waliotoka msituni waliingia kanisani kwao wakati wa ibada wakipiga takbira, wakawaua waumini kumi na wanne, yeye na mumewe miongoni mwao. Mushagalusa alipigiwa simu akiwa amesimama mlangoni pa duka. Zaid, aliyekuwa akishusha katoni za sahani, alimwona akiishusha simu polepole juu ya robota la vitenge, halafu akaanza kufunga mlango wa chuma na mteja bado yuko ndani. Yule mama alipiga kelele, akafunguliwa. Zaid alipofanikiwa kuwapenya wachukuzi na kuvuka zile hatua tatu, Mushagalusa alikuwa ameshakwenda na kufuli inaning'inia.

Kesho yake Zaid alishuka mtaa wa Namuwongo na kilo tano za sukari na mkewe Nusura. Nyumba ya Mushagalusa ilikuwa imejaa. Wakongo walikaa mpaka nje kwenye mabenchi ya kukodi, wakiimba kwa sauti za chini. Kofia ya Zaid ilipoonekana penye kona, wimbo ulipungua, na kijana mmoja akasimama. Pélagie, mke wa Mushagalusa, alitoka upesi akawakuta njiani.

"Baba Ruqayya, Mama Ruqayya, asanti. Mungu anawaona," alisema, akaipokea sukari kwa mikono miwili. "Lakini leo musiingie. Batu biko na hasira, na siwezi kubashika bote."

"Yeye mwenyewe anajua tumekuja?"

"Nitamwambia."

Zaid alirudi na pole yake kifuani vilevile alivyokwenda nayo. Alikusudia kurudi siku ya pili. Siku ya pili ndipo matangazo yalipobandikwa.

Mchungaji Cleopas hakungoja machozi yakauke. Matangazo yalikuwa kila nguzo kuanzia Kikuubo mpaka relini: Jumapili, saa tisa, Waislamu na Wakristo, mada ni kitabu gani kinamwaga damu. Chini yake, kwa herufi nyekundu, Mkongo aliyefiwa angesoma. Zaid aliyasoma akiwa kwenye foleni ya chapati, akapoteza hamu ya chapati.

Alimwendea Ustadh Jibril nyumbani jioni ile ile. Na tusimwonee Ustadh: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekaa barazani na macho mekundu ya kukosa usingizi, na alipomkaribisha Zaid alimwita mkwe. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lenyewe. Uthman, mwanawe Ustadh, alikuwa amuoe Ruqayya, binti pekee wa Zaid. Vijana hawa walikuwa wamengojana miaka mitatu, maana Ustadh alikuwa na msichana mwingine akilini, na miaka mitatu hiyo Ruqayya alikuwa amekataa wanaume wawili na kukonda kabisa. Sasa Ustadh alikuwa ameridhia. Kadi zilikuwa zimekwisha gawiwa. Kutoka Jumapili ya mhadhara mpaka ndoa zilikuwa siku kumi na moja.

"Ustadh, mimi safari hii niache," Zaid alisema. "Yule mtu ni jirani yangu. Amefiwa."

"Na mimi nimefiwa, Zaid. Waliomuua yule mama wameniulia dini yangu. Nitasema hivyo kabla sijasema kingine chochote, kwamba lile ni tendo la kishetani."

"Basi si uishie hapo? Useme hivyo, ukae."

"Kila linapotokea jambo kama hili, vijana wa nani wanazolewa barabarani? Wa Cleopas? Mtoto wa dada yangu alikaa ndani miezi mitano kwa sababu ya ndevu. Wakituambia mbele ya halaiki kwamba kitabu chetu ndicho kilichoshika panga, nami nikakaa kimya, kesho wanakuja kuchukua nani? Lazima waone kwamba na chao kina upanga. Wakiona hivyo watanyamaza, na sote tutalala."

"Tafuta msomaji mwingine."

"Watasema msomaji wangu ameona haya. Watasema hata mkwe wangu amenikimbia." Ustadh alimshika goti, kwa upole kabisa. "Usinifanyie hivyo mbele ya watu, Zaid. Nimekupa mwanangu."

Zaid aliaga akaondoka.

Alichobaki nacho ni hila, na hila yenyewe ilikuwa ya kitoto. Aliamua kupoteza sauti. Alhamisi alikunywa maji ya barafu mpaka meno yakauma. Ijumaa alikwenda kutazama mpira na kupiga makelele kwa timu ambayo hata jina hakulijua vizuri. Jumamosi asubuhi sauti yake ilikuwa inakwaruza kama mlango mbovu, na akafurahi, masikini, akamwambia Nusura kwamba ndiyo basi tena. Hakuzihesabu fadhila za watu. Nusura alimpondea tangawizi. Mke wa Ustadh alileta asali ya nyuki wadogo, ile isiyopatikana dukani. Bi Umulkheir, shangazi yake mwenye miaka themanini, alimwekea sufuria la majani yanayochemka, akamfunika blanketi kichwani na kumkalia mlangoni asitoke. Ruqayya mwenyewe, aliyekuwa muuguzi wa zahanati, alikuja na vidonge vya kumung'unya, akampapasa koo kwa vidole vyake viwili.

"Itapona, Baba," alisema. "Baba yake Uthman amepiga simu mara tatu kuuliza."

Alikuwa na hina ya majaribio kwenye kiganja kimoja. Alicheka alipoona baba yake anaitazama, akaificha nyuma ya mgongo. Kufikia Jumapili sauti ya Zaid ilikuwa imerudi nzuri kuliko alivyokuwa nayo tangu ujana.

Mhadhara ulifanyiwa katika uwanja wa kiwanda kilichofungwa, bondeni, karibu na reli. Palikuwa na ukuta wa matofali pande zote na mageti mawili. Polisi walikuwa wamepanga mambo yao: Waislamu geti la juu, Wakristo geti la relini, kamba katikati, kila mtu apekuliwe. Zaid alipokwisha kupekuliwa aligeuka nyuma akaona geti limezibwa kabisa na watu wa upande wake, wanasukumana kuingia. Hata kama angetaka kutoka asingeweza. Aliisogeza Biblia kwapani akaenda kwenye kiti chake.

Mushagalusa alikuwa ameketi ng'ambo ya kamba, suti nyeusi inampwaya mabegani. Hawakuwa wameonana siku tisa. Zaid aliinua mkono kidogo, usawa wa tumbo, ili wengine wasiuone. Mushagalusa aliuona. Hakuujibu.

Mchungaji Cleopas alianza. Alikuwa Mganda mwenye sauti nene, na Kiswahili chake kilitembea kinachechemea, lakini siku ile hakuna aliyekicheka. "Ndugu zangu, leo hatukuja kucheza. Leo tumekuja kulia. Msomaji! Fungua Kolani!"

Mushagalusa alisimama, akafungua kitambaa, akasoma. Zaid alimfuata neno kwa neno kwa midomo iliyofungwa. Kila jina la Kiarabu lilitoka sawasawa, kama alivyomfundisha. Ilipofika ile aya ya kuua, Mchungaji aliinua mkono: "Tosha! Ludia!" Mushagalusa akarudia. "Tosha! Ludia tena!" Mara tatu alimrudisha nyuma, na kila mara Mushagalusa alinyamaza mahali pale pale, kidole chake kimekaa juu ya ukurasa.

"Mmesikia wenyewe!" Mchungaji alisema. "Na huyu anayesoma, mnajua ni nani? Dada yake amekufa na aya hii shingoni!"

Mwanamke mmoja alipiga ukwenzi. Wengine wakafuata. Upande wa Waislamu watu walisimama juu ya viti wakijibu kwa takbira, na hilo likawa kama petroli, maana takbira ndiyo iliyosikika kule kanisani. Zaid aliona kijana wa upande wake akibomoa tofali ukutani, na wa upande wa pili akifanya vivyo hivyo. Polisi wachache waliishika kamba kwa mikono.

Ustadh Jibril alisimama. Alitimiza ahadi yake, alisema kwamba waliomuua Benedicte ni mashetani na kwamba hakuna dini inayowapokea. Alilisema jina lake kabisa, Benedicte. Lakini zomeazomea ilikuwa kubwa, maneno yale yaliishia mstari wa kwanza wa viti. Ustadh aliyarudia. Mtu akamrushia chupa ya maji, ikampiga kifuani, kanzu ikalowa. Hapo uso wake ukabadilika.

"Msomaji!" aliita.

Akaitaja ile aya ya joho na upanga.

Zaid alisimama. Aliishika Biblia kwa mikono miwili. Alisoma amri ya kuuza joho na kununua upanga, na sauti ilitoka nzito, safi, ikaenda mpaka kwenye ukuta wa mwisho.

"Tosha!" alisema Ustadh.

Mushagalusa alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa anangoja tu apigwe na kitabu chake, mbele ya mkewe na watoto wake, na mpigaji ni mtu aliyezoea kunywa naye chai ya chupa moja. Zaid alisikia uchungu ambao hakuwahi kuusikia tangu amzike baba yake. Wala asije mtu akasema kwamba alimsahau Ruqayya. Alimkumbuka. Alikiona kile kiganja chenye hina ya majaribio waziwazi, na bado akaendelea kusoma.

"Tosha, Zaid," Ustadh alisema tena, akidhani hakusikika.

Zaid alisoma. Alisoma Yesu akipanda mlimani kuomba, akatokwa na jasho. Alisoma wafuasi wamelala. Mkono wa mtu ulikuja ukampokonya kipaza sauti, lakini tangawizi na asali na majani ya Bi Umulkheir vilikuwa vimefanya kazi yake, hakukihitaji. Ustadh alikuwa amemshika mkono wa kanzu, anamvuta. "Tosha! Nimesema tosha!" Zaid alisoma upanga ukichomolewa, akasoma sikio likianguka. Kelele zilikuwa zimepungua, watu hawakuelewa kinachotokea. Akasoma amri ya kuacha, na ule mkono uliogusa sikio la mtumishi wa adui, na sikio likapona. Hapo akafunga kitabu.

Zaid, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kufuli, alihisi kifua chake kimefunguka.

Kisha Mchungaji Cleopas akaruka juu. "Haleluya! Ameokoka! Msomaji wao ameokoka!"

Vigelegele vililipuka upande wa Wakristo. Watu walikumbatiana. Ngoma ilipigwa, na wimbo ukaanza, na mikono mia moja ikanyooshwa juu ya kamba kumpokea. "Vuka, mzee! Bwana anakuita, vuka!" Upande wa nyuma yake mtu alipaza sauti akamwita murtadi, mtu aliyeiacha dini, na neno lile likapokelewa safu kwa safu mpaka getini. Simu zilikuwa zimeinuliwa juu pande zote mbili, zinamrekodi.

"Sijaokoka!" Zaid alisema. "Mimi ni Mwislamu, nimesoma tu kilichoandikwa!" Angeongea na ukuta ingekuwa afadhali. Kadiri alivyotikisa kichwa ndivyo Wakristo walivyoona Roho anamtikisa.

Aliusogelea ule upande wa kamba aliokaa Mushagalusa. Hilo nalo wakalishangilia.

"Musha," alisema, karibu kabisa. "Musha, ndugu yangu, soma na wewe. Aya moja tu mbele. Unaijua."

Pélagie, aliyeketi nyuma ya mumewe, alisimama. Mchungaji hakujua ni aya gani inayosemwa, na tuseme ukweli, aliogopa kuuliza. Mushagalusa alikitazama kidole chake, kilichokuwa bado juu ya ukurasa. Akakiondoa. Akakifunga kitabu taratibu, akakiviringa kwa kile kitambaa, mkunjo wa kwanza, mkunjo wa pili, vile alivyofundishwa.

"Ile nayijua, Mzee Zaidi," alisema. "Ni weye ulinionyesha. Dada yangu naye aliomba ivyo ivyo, aliomba bamuachilie. Habakumusomea."

Pole aliyoibeba siku tisa ndiyo pekee iliyotoka, na ilitoka kwa sauti ya kukwaruza. "Pole, Musha. Pole sana kwa Benedicte."

Mushagalusa aliitikia kwa kichwa mara moja. Kisha Pélagie akamshika mkono, na watu wao wakawazunguka wakawatoa.

Tofali la kwanza lilirushwa baada ya hapo, kutoka upande gani hakuna aliyejua. Polisi walipiga filimbi, wakafyatua risasi mbili hewani, na watu wakamiminika kwenye mageti yao. Ustadh Jibril alipita karibu na Zaid, kanzu bado imelowa kifuani, vijana wawili wamemkinga. Alisimama.

"Ningekusamehe mimi," alisema. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka. "Lakini niwaambie nini ndugu zangu, Zaid? Kwamba mwanangu anaoa nyumba ya mtu aliyeshangiliwa na wale?" Akangoja kidogo, kana kwamba kweli alihitaji jibu, kisha akaenda.

Uwanja ulibaki viti vilivyopinduka na viatu vya watu. Zaid alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki kwa kukosa mahali pengine. Ofisa aliyesimamia polisi, mtu mrefu aliyeandikwa Ocaya kifuani, alimjia na funguo mkononi.

"Mzee, toka. Mimi nafunga hii mahali. Watu yako iko geti gani?"

Zaid alitazama. Geti la juu vijana hawakuwa wametawanyika, na neno lile walikuwa bado wanaliimba, wakipiga bati kwa viganja. Geti la relini Wakristo walikuwa wamekaa kwa mistari miwili, wameacha njia katikati, wanaimba wakimngoja aliyeokoka. Mama mmoja alikuwa ameshika kitenge kipya cha kumvika.

Simu ilimlilia mfukoni. Ilikuwa Ruqayya.

"Baba, uko salama?"

"Niko salama, mwanangu."

"Video imefika huku. Wanasema umeokoka."

"Uongo mtupu. Nilisoma tu, Ruqayya. Nilisoma kilichofuata."

"Najua. Nimekusikiliza mpaka mwisho." Zaid alisikia mlango ukifungwa upande ule, na sauti za wanawake zikapungua. "Uthman amenipigia. Anasema baba yake amesema basi. Alikuwa analia."

"Nitakwenda kwao. Nitakwenda leo hii, nitapiga magoti."

"Hukukosea, Baba. Sisemi kwamba umekosea." Sauti yake ilikuwa ya muuguzi, ile ya kumwambia mgonjwa mambo mabaya bila kumtisha, kisha ikamkatikia. "Lakini zilibaki siku kumi na moja. Miaka kumi na tisa umenyamaza kila ulipoambiwa unyamaze. Hukuweza kunyamaza mara hii moja tu, kwa ajili yangu?"

Simu ikakatwa, Zaid akairudisha mfukoni.

Ocaya alizitikisa funguo. "Mzee, nakuuliza. Geti gani?"